Kibuyu Hakikuvuja

Kibuyu kitupu ukikitupa mtoni kinalala ubavu, kinazunguka-zunguka kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Ukikitia maji nusu kinasimama wima, shingo nje, tumbo ndani, kama mama mjamzito anayeoga na hataki kulowesha nywele. Ukikijaza mpaka mdomoni, usiache ndani hata pumzi moja, hapo ndipo kinakubali kushuka, na bado kinashuka kwa shingo upande. Lazima ukifungie jiwe la kukisindikiza.

Hayo sikufundishwa na mwalimu. Shule mimi niliipita kwa nje nikienda kukatia mbuzi majani. Nilifundishwa na mama yangu kando ya mto Rupingazi, miaka ya Emagensi, wakati wa vita vya msituni na serikali ya wazungu, nikiwa msichana mdogo wa kutumwa. Na kama ningelifuata somo hilo vile nilivyopewa, leo nisingekuwa na la kuwaambia. Ningekuwa naiga chifu, naiga kasisi, nanyi mnacheka, kama kawaida yetu.

Kwanza mjue mahali tulikuwa tunakaa. Tulikuwa tumetolewa kwenye mashamba yetu tukarundikwa katika kijiji kimoja, nyumba zimebanana mpaka jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Kijiji kilizungushiwa handaki, ndani yake vijiti vimechongwa vikaelekezwa juu, na waliolichimba ni wanawake. Asubuhi mpaka alasiri mama yuko handakini na jembe. Alasiri lango linafunguliwa, tunapewa muda wa saa moja wa maji: kushuka mtoni, kuteka, kupanda, lango linafungwa. Shambani tulikwenda siku chache tu, tukisimamiwa na bunduki. Kwa hivyo chakula kilikuwa kidogo. Kidogo cha namna ya kumtazama mtu akitafuna, na wewe ndiye unameza.

Baba yangu alikuwa msituni. Mdogo wake pia alikuwa msituni. Wake zao wawili, mama yangu na huyo mke wa baba mdogo, walibaki kijijini, na hao ndio waliowapelekea waume zao uji.

Huyo mke wa baba mdogo ndiye mwenyewe wa habari hii, kwa hivyo acha nimweleze. Alikuwa kijana bado, ana mtoto mmoja wa kike wa kunyonya. Mimi nina jina la nyanya yangu, mama yake baba, vile desturi yetu ilivyo, na kwa sababu hiyo huyu mwanamke aliniita mama mkwe. Mtu mzima, mtoto mgongoni, ananiona natoka nyumbani na kamasi zangu, anasimama kando ya njia, anainamisha kichwa kabisa.

"Mama mkwe, umeamkaje? Naomba usinirudishe kwetu. Leo nitapika vizuri."

Sauti yake ilipitia puani, na kila akimaliza kusema alicheka ndani kwa ndani, hm-hm-hm, kama kuku aliyeatamia. Nami namjibu kwa sauti ya nyanya, ambaye alikuwa amebaki na jino moja: "Nitaangalia. Jana maharagwe yalikuwa na mawe."

Kazi ya mikono yake ilikuwa kushona vibuyu. Siku zile kibuyu kikipasuka hakitupwi. Unatoboa vitundu huku na huku ya ufa, unapitisha uzi wa katani, unavuta, halafu unaziba kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na masizi. Wanawake wengi walijua. Lakini yeye alikuwa na mkono wake: mshono mmoja mrefu, mmoja mfupi, mrefu, mfupi, kama miguu ya tandu. Akimaliza anakijaza kibuyu maji, anakiketisha juu ya jivu kavu, anaenda shughuli zake. Akirudi anakiinua na kutazama jivu. Akiona doa, hata doa la tone moja, anafumua lote na kuanza upya. Nusu ya vibuyu vya kijiji vilikuwa na tandu wake tumboni, na chetu kimoja pia, kidogo, cha kubebwa na mtoto.

Sasa, mpango wa uji ulikuwa hivi. Wanawake wakishuka mtoni na vibuyu hakuna wa kushangaa. Kati ya vile vitupu, kimoja kinashuka kimejaa uji wa wimbi. Chini ya mkuyu fulani kulikuwa na dimbwi lenye kina, maji meusi. Unakizamisha hapo na jiwe lake, kamba ya mgomba inakishikilia kwenye mzizi ili mto usikichukue. Wenye kukichukua walikuja kwa wakati wao, sisi hatukuwaona. Walikunywa, wakakijaza maji ya mto mpaka mdomoni, wakakirudisha chini. Kesho yake unakitoa cha jana kama mtu anayeteka, unakifungulia jiwe, unalifunga kwa cha leo.

Mama alinionyesha mara moja tu. Alikuwa anaongea kama mtu aliyebeba kaa la moto mdomoni, maneno mafupi, haraka.

"Jaza mpaka shingo. Ukiacha hewa, hewa inataka kwenda kwao juu. Na jiwe ni hili. Si lingine."

Jiwe lenyewe lilikuwa la ngumi mbili. Alikuwa amejaribu mengi, hili dogo, hili kubwa, mpaka akapata lile lililokishusha kibuyu kilichojaa polepole bila kukizamisha kwenye matope.

Alinichagua mimi kwa sababu ya kuiga. Kibuyu kitupu kinabembea mkononi, kinagonga goti, mtoto anakirusha na kukidaka. Kilichojaa kinavuta bega mpaka shingo inakuwa ndefu. Mimi nilibeba uji wa wanaume wawili na nikaruka-ruka nao kama sibebi kitu. Niliiga wepesi. Mama nyuma yangu, na kibuyu kikubwa kitupu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, aliinama na kukohoa kama aliyebeba mlima.

Langoni alisimama askari mmoja wa kutoka upande wa Kibirichia, huko kwenye baridi na viazi. Kiswahili chake alikisukuma kama mkokoteni wenye gurudumu moja.

"Nyinyi wamama ya Embu, kila siku maji, kila siku maji. Mnakunywa ama mnapanda ndani yake viazi?"

Alikuwa na fimbo ya kugonga vibuyu. Kitupu kinasema koo. Kilichojaa kinasema pu. Siku moja aligonga changu, nami nikasema koo na ulimi wangu, akanipisha. Hapo nimetia chumvi. Ukweli ni kwamba changu hakukigonga hata siku moja, kwa sababu nilikuwa mtoto na nilimwiga mzungu aliyekuwa mkubwa wake, naye alipenda.

Na ukifika mtoni, ukiingiza kile kibuyu majini, uzito unaisha papo hapo. Bega linapumua. Kitu kilichokuvuta njia yote kinalala mkononi kama kifaranga. Nilidhani mto unanihurumia. Pengine hapo ndipo nilianza kufikiria kwamba mto utanisaidia na mengine.

Siku ya kwanza nilionja tu. Nilikuwa nimechuchumaa chini ya mkuyu, matawi yamenificha, wanawake wako juu kidogo wanateka na kupiga gumzo. Kifuniko kilikuwa mkononi mwangu. Uji ule ulikuwa umechacha vizuri, mzito, unanukia moshi. Nikavuta mafunda mawili. Halafu matatu. Nikatazama shingoni, nikaona nafasi. Nikakumbuka maneno ya mama, hewa inataka kwenda kwao, basi nikaongeza maji ya mto mpaka mdomoni. Kikazama bila neno.

Nikafanya hivyo siku nyingi. Kila siku nafasi ilikuwa kubwa zaidi, na kila siku mto uliijaza.

Kisha siku moja mama akaingia nyumbani, uso umemshuka. Habari zilikuwa zimemfikia kwa njia zao.

"Wanasema uji wetu umekuwa maji," alimwambia mke wa baba mdogo. "Ati tunawanywesha mto."

"Unga umechoka kama sisi," yule akamjibu, puani. "Tuwapelekee jembe, wakachimbe na handaki, tuone kama watakumbuka ladha." Hm-hm-hm.

Mama hakucheka. Jioni hiyo alichukua unga uliokuwa wetu, wa kula sisi, akauongeza kwenye uji wa msituni. Nilimwona. Tulikula majani ya maboga na chumvi, yeye akasema ameshiba na kunisukumia yake. Mtu mwingine angejirudi hapo. Mimi nililala na njaa mara mbili, ya kwangu na ile niliyomletea mama, na nikaamka nikifikiria uji.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Nilichuchumaa chini ya mkuyu nikanywa. Uji ulikuwa mzito kuliko siku zote, na nilijua kwa nini ulikuwa mzito, na nikanywa. Nilipoacha, theluthi ilikuwa imekwenda. Sasa nikaanza kufikiria. Nikiongeza maji, watalalamika tena, na mama ataongeza tena unga, na mwisho atanishtukia. Nisipoongeza maji, uji ni mchache lakini ni mzito, na nani atajua ulianza ukiwa kiasi gani? Nikajiona nimekuwa na akili kuliko watu wazima. Nikafunga kifuniko, nikafunga jiwe, nikaachia.

Kibuyu kilishuka kidogo, kikasita, kikapanda. Shingo ikatoka nje ya maji kama mtu anayechungulia dirishani.

Nikakisukuma chini. Kikapanda. Jiwe lilikuwa lile lile, la ngumi mbili, lakini mama alilipima na kibuyu kilichojaa, hakulipima na tumbo langu. Juu wanawake walikuwa wameanza kuitana, muda umekwisha. Kulikuwa na maji kila mahali, ningeweza kufungua na kujaza. Nilikuwa na nafasi hiyo, nataka mjue. Badala yake nilikisukuma chini ya mzizi uliopinda, nikakibana hapo, nikapanda ukingo nikikimbia.

Hatukuwa tumefika hata nusu ya kilima tulipoitwa turudi. Mto ulikuwa umekitikisa kibuyu mpaka kikatoka chini ya mzizi, na pale kwenye dimbwi jeusi, mbele ya macho ya yule askari wa Kibirichia aliyeshuka kunawa miguu, kikainuka chenyewe. Kilikuwa kinazunguka mwisho wa kamba yake kama ndama aliyefungwa.

Tuliketishwa mchangani, wanawake wote, miguu imenyooshwa. Mzungu wao akaitwa. Alikuja na gari dogo, mtu mrefu, sauti yake nyembamba ikitokea juu sana, kama inashuka kwa ngazi.

"Hii chupa ya miti nani naweka hapa?"

Tulisikia mto.

Askari akafungua kifuniko akamwaga ule uji chini mbele yetu. Wanawake wale walitazama uji ukiingia mchangani, na nafikiri kama si bunduki wangeulamba. Akaona ulivyokuwa mchache. Akachungulia ndani, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Hii imevuja, bwana. Kwetu kiazi ikioza ndani inakuwa na shimo, ukitia kwa maji inaelea. Hii sasa imevuja hapa kwa kushonwa."

Mzungu akapenda maneno hayo. "Nani nashona?"

Hakuna aliyesema. Lakini macho si mdomo, huwezi kuyafunga kwa mkono, na macho mawili matatu yalimwendea. Yeye alikuwa ameketi kando yangu, mtoto anamnyonya.

"Wewe nashona? Sasa ya nani?"

Alijua ni ya nani. Alikijua kila kibuyu alichowahi kushika. Mama yangu alikuwa upande mwingine, ameacha kupumua. Na yule mwanamke hakumtazama mama. Alinitazama mimi. Alitazama mdomo wangu. Kisha akalamba kidole gumba, akanipangusa pembeni mwa mdomo, kwa nguvu, vile unampangusa mtoto kabla ya kumpeleka kwa wageni. Kidole kilitoka na rangi ya wimbi. Akakifuta kwenye nguo yake.

"Mama mkwe," alisema kwa Kiembu, chini chini, "unakula kama hujaolewa."

Akainuka.

"Ni yangu, bwana. Nilishona vibaya. Imevuja."

Hiyo sauti haikupitia puani. Nimeiga watu maisha yangu yote, na nakumbuka nilishangaa kwamba alikuwa na sauti nyingine.

Askari akakipiga kibuyu chini akakikanyaga na kiatu. Yeye wakamshika mikono. Mtoto alikuwa mgongoni sasa, wakamfungua, na kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa karibu, wakanipa mimi. Alipandishwa kwenye lori pamoja na wengine waliokuwa na makosa yao. Mtoto alilia, mimi nikamwiga kuku, nikamwiga mbuzi, mpaka akanyamaza. Kabla ya kupanda kilima niliokota kipande kimoja cha kibuyu nikakitia ndani ya nguo. Sikujua nakiokotea nini. Nilidhani nafanya usafi.

Siku tatu lango halikufunguliwa. Tulikunywa maji yaliyotuama handakini. Na wakati huo ndipo nilipoanza kusikia wanawake.

"Mimi nilisema zamani, ile mishono yake ya mrefu-mfupi ni maringo tu," alisema mmoja, na mdomo wake wa pembeni.

"Mtu anapeleka kibuyu cha kuvuja mahali pa kufa na kupona?"

"Changu nimemwekea kuku. Siwezi kumwamini tena."

Mama yangu hakusema kitu, kwa sababu aliamini. Alidhani kweli kimevuja. Alilia usiku na mchana kwamba alichagua kibuyu kilichoshonwa badala ya kizima. Na mimi? Wanawake waliniambia, hebu tuigie kile kibuyu kikivuja. Nikawaigia. To, to, to, to. Nikafanya na sauti ya mzungu, chupa ya miti. Walicheka, walikuwa hawajacheka tangu lori liondoke, nami nikaona nimewasaidia.

Misimu minne ya mvua ilipita kabla hajarudi. Mtoto wake alikuwa anakimbia sasa, na kulala alilala mgongoni kwangu. Nilimlisha uji. Kila kijiko nilichomtilia mdomoni nilikijua kinatoka wapi, lakini mtoto hakujua, alifungua mdomo tu. Yule mwanamke aliporudi, mwembamba, nywele zimekatwa, alichuchumaa mlangoni akanyoosha mikono. Mtoto akakimbilia nyuma ya miguu yangu akashika nguo.

Alitazama muda. Kisha akacheka, hm-hm-hm, lakini kuku sasa alikuwa ameatamia mawe.

"Mama mkwe, kumbe mke mwenza uliyenitafutia ni wewe mwenyewe."

Mumewe hakurudi kutoka msituni. Baba yangu alirudi. Hilo nalo naliweka hapo hapo lilipo.

Siku chache baadaye alinikuta peke yangu napeta wimbi. Akaketi, akachukua ungo mwingine. Tukapeta. Akauliza bila kuinua macho:

"Ule uji ulikuwa mtamu?"

Angalia, hakuna aliyekuwa karibu. Hakuna bunduki, hakuna mzungu. Hata hasira hakuwa nayo, alikuwa amenifungulia mlango na kusimama kando.

"Uji gani?" nikasema.

Alipeta kidogo. "Sawa," akasema. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa.

Kushona hakuacha. Lakini hakuna aliyemletea. Alishona vyake mwenyewe, anavijaza maji, anaviketisha kwenye jivu, anatazama, anavitundika ukutani. Baadaye yakaja madebe, ikaja plastiki, na plastiki haishonwi, ikipasuka unatupa. Nikajiambia basi kesi imekwisha, vibuyu vyenyewe vimekwisha. Nilizaa, nikazika mume, nikaota mvi. Nilipokwenda kumtembelea alinimiminia uji mpaka kwenye ukingo wa kikombe, haukuwa na nafasi hata ya pumzi moja, akanipa kwa mikono miwili, na akaketi kunitazama nikinywa. "Kunywa wote, mama mkwe." Nilikunywa wote. Ulikuwa mzito kuliko kitu chochote nilichowahi kumeza.

Mwaka juzi tulimzika. Kwenye matanga mzee mmoja wa ukoo alisimama na maikrofoni, akasema marehemu alikuwa mkarimu, mchapa kazi, kasoro yake moja ilikuwa kushona, kwani kijiji kizima kilikaa kiu siku tatu kwa mkono wake. Watu wakacheka, kicheko cha matanga, cha mapenzi. Halafu wakaanza kunipigia kelele, leteni yule, atuigie marehemu. Nikapewa maikrofoni. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwenye jeneza, na watu wote walio hai wanaokumbuka mambo yale walikuwa mbele yangu wamekaa kwenye viti vya kukodi. Nikafungua mdomo. Nikasema, puani, "Mama mkwe, umeamkaje? Naomba usinirudishe kwetu." Hm-hm-hm. Walicheka mpaka wakalia. Nikarudisha maikrofoni nikaketi.

Tangu siku hiyo sikuweza kuiga mtu. Najaribu, sauti inatoka, lakini nasikia to, to, to.

Kile kipande nilikuwa nacho bado. Kimekaa ndani ya sanduku langu la nguo miaka yote. Ni sehemu ya chini, kitako na tumbo kidogo, kama bakuli lililovunjika ukingo. Askari alikikanyaga kwa nguvu zake zote, na kilipasuka kila mahali isipokuwa pale kilipokuwa kimeshonwa. Tandu amelala pale pale, mrefu, mfupi, mrefu.

Nikakifunga kwenye leso nikaenda mjini Embu, kwa yule mtoto niliyembeba. Sasa ni mama mtu mzima, amestaafu kazi ya ofisi, anakaa mtaa wa Dallas kwenye nyumba yenye zulia. Ananiita nyanya, kwa sababu nina jina la nyanya yake, ingawa nimempita miaka michache tu.

"Nyanya, umekuja na mzigo. Ni mihogo?"

"Si mihogo. Una jivu?"

"Jivu? Hapa tunapikia gesi."

"Basi niletee gazeti."

Akaleta, akicheka, anadhani ni mchezo wangu mwingine. Nikalitandika mezani. Nikaweka kipande, nikamwomba maji, nikamimina mpaka pale ukingo uliporuhusu.

"Tungoje," nikasema.

"Tunangoja nini?"

Nikamwambia. Nilianza na dimbwi nikamaliza na matanga. Sikumwiga mtu hata mmoja. Ilikuwa vigumu, ni kama kutembea bila viatu kwenye mabua, lakini nilisema kwa sauti yangu. Wakati nasema yeye hakunitazama, alitazama lile gazeti. Chai ilipoa. Nilipomaliza aliinua kipande kwa mikono miwili, maji ndani yametulia, akapapasa gazeti kwa kiganja. Akapapasa tena.

"Kavu," akasema.

"Kavu."

"Mama alijua?"

"Alinipangusa mdomo."

Akakishusha kipande polepole mezani.

"Mimi nilimkimbia, nyanya. Aliwahi kuniambia. Alirudi na mimi nikamkimbia." Kisha akasema, si kwa ukali, vile unauliza bei ya kitu ambacho huwezi kununua: "Ulishindwa kuyasema haya hata siku ya matanga, akiwa pale mbele yako?"

Akamwaga maji kwenye ua lake la dirishani, akapangusa kipande kwa leso yangu, lakini hakukirudisha ndani ya leso. Alikiweka kwenye kabati la vioo, kati ya vikombe vya wageni.

"Hiki kinabaki hapa. Na Jumapili nitakuja kukuchukua. Wale mama wa kijiji waliobaki ni wangapi?"

Watatu. Jumapili tuliwakuta nje ya kanisa, wameketi kwenye benchi la ukutani kama kawaida yao, wakiota jua. Wawili nikawaambia, mmoja akatazama mikono yake. Wa tatu ndiye yule wa mdomo wa pembeni, na siku hizi hasikii, unamwinamia sikioni na kupiga kelele mpaka wachungaji wanageuka. Nikamwinamia.

"Kile kibuyu hakikuvuja. Ni mimi nilikunywa uji."

"Nani?"

"Mimi."

Alinitazama kwa muda mrefu, akitafuna hewa.

"Mimi changu niliwapa kuku siku ile," akasema. "Wa kunywea maji. Mpaka leo wananywea hicho hicho. Kila asubuhi najaza, na kila asubuhi najiuliza, mbona mshono wa yule hauvuji?"

Yule mtoto niliyembeba akamwinamia sikio lile lingine, akamwuliza kama anaweza kwenda kukitazama. Wakaondoka pamoja, polepole, mmoja amemshika mwenzake mkono. Mimi hawakuniita. Niliketi kwenye benchi, mahali pa yule bibi pakiwa bado na joto lake, nikawatazama mpaka wakapinda kona.